Nyuzi na Nuru: Habari za Nyavu za Kisorya na Elimu ya Leza

Kisorya ni kijiji kilicho katika ncha ya rasi ya Mwibara, wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara, mahali ambapo nchi kavu huishia na kivuko huwachukua watu na mizigo yao hadi Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Wengi wa watu wa pande hizo ni Wajita na Wakerewe, na kazi zao tangu zamani ni kulima na kuvua. Katika mialo ya huko, kama katika mialo yote ya Ziwa Viktoria, nyavu huanikwa mchangani, na vipande vya nyavu zilizochakaa aghalabu huachwa papo hapo vilipomaliza kazi yake. Kipande cha nailoni kilichokaa juani kwa miezi mingi hugeuka rangi, huparuza mkononi, na kikivutwa hukatika bila ya shida. Uzi wa namna ile ile uliowekwa bandani gizani kwa muda ule ule bado ni imara. Si maji yaliyouharibu ule wa kwanza, wala si samaki, ni nuru.

Jambo hilo, ambalo kila mvuvi analijua kwa mikono yake, lina historia ndefu kuliko linavyodhaniwa. Upande mmoja wa historia hiyo ni habari za nyuzi zenyewe, jinsi mafunjo na kitani vilivyoondoka ziwani na nailoni ikaingia. Upande wa pili ni habari za wataalamu waliojifunza kuipima kazi ya nuru juu ya nyuzi hizo, hata wakafika kuunda nuru ya leza ambayo pigo lake moja hudumu kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Pande hizi mbili hazisimuliwi pamoja mara nyingi, nazo ni habari moja.

Yafaa kuanza na neno polima, maana pasipo hilo mengine hayatafahamika. Polima ni kitu ambacho molekuli zake ni minyororo mirefu, kila mnyororo ukiwa umeungwa kwa pete ndogo zinazofanana, maelfu kwa maelfu. Hermann Staudinger wa Ujerumani ndiye aliyelitangaza wazo hili mwaka wa 1920, na wakemia wenzake wengi wakalipinga, kwa kuwa hawakusadiki kwamba molekuli yaweza kuwa kubwa kiasi hicho. Alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1953. Kwa maana hii pamba ni polima, katani ni polima, mafunjo ni polima, na hata ngozi ya jicho la mtu, ile ya mbele inayopitisha nuru, imejengwa kwa polima. Mvuvi wa kale aliyesuka mgono wa matete alikuwa anashika polima mikononi mwake. Kilichokuja kubadilika baadaye si kwamba polima zilianza kutumika, bali kwamba zilianza kuundwa na watu.

Kabla ya kuja kwa nyavu za kigeni, watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walivua kwa migono, kwa nyua za kuzuia samaki mitoni, kwa ndoana, na kwa makokoro yaliyofungwa kwa mafunjo. Mwaka wa 1905 nyavu za kutega zilizosukwa kwa kitani, zile ambazo samaki hupitisha kichwa katika jicho la wavu na kunaswa mashavuni, zililetwa upande wa ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam. Hazikukawia kuenea. Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, na muda mfupi ulipopita ngege wakaanza kupungua katika ghuba hiyo. Serikali za kikoloni zikamtuma Bw. Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka wa 1927 na 1928, naye katika taarifa yake ya mwaka wa 1929 akapendekeza kwamba macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Habari za sharti hilo, na jinsi lilivyovunjwa na hatimaye kuondolewa, zimekwisha kuandikwa na wengi. Jambo lisilotajwa sana ni uzi wenyewe.

Kitani na pamba huoza. Vijidudu vya majini hula mnyororo wa uzi huo kama wanavyokula jani lililoanguka, na wavu usiotunzwa katika maji ya joto huwa haufai kitu kwa muda mfupi. Dawa yake ilikuwa mbili: kuupika wavu katika maji ya magome ya miti yenye rangi kali, kama walivyofanya wavuvi wa pwani kwa magome ya mkoko, na kuuanika juani kila siku baada ya kuvua, ili ukauke na vijidudu vife. Katika zama za kitani, basi, jua lilikuwa rafiki wa mvuvi. Mvuvi mwema alijulikana kwa nyavu zake zilizoanikwa vizuri. Mvivu alijulikana kwa harufu ya zake.

Ndipo ilipokuja nailoni. Iliundwa mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, na kundi la wakemia waliokuwa chini ya Wallace Carothers, mtu aliyekuwa amelishika wazo la Staudinger na kulithibitisha kwa vitendo. Carothers alikufa mwaka wa 1937 asiione kazi yake sokoni. Mwaka wa 1938 nailoni iliuzwa kama nywele za mswaki, mwaka wa 1940 kama soksi za wanawake, na wakati wa vita ikatumika kwa miavuli ya askari wa angani. Vita vilipokwisha viwanda vilitafuta wanunuzi wapya, na uvuvi ukawa mmojawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyavu za nyuzi hizi mpya zilifika Ziwa Viktoria, na hapana kifaa kilichoenea upesi kama hicho. Uzi wa nailoni ulikuwa mwembamba na wenye nguvu, samaki hakuuona kwa urahisi, na juu ya yote haukuoza. Wavu uliweza kukaa majini usiku hata usiku.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Desturi ya kuanika nyavu juani ilikuwa imekwisha kuwa adabu ya kazi, baba akimfundisha mwana, na haikuachwa kwa sababu tu uzi umebadilika. Wavu wa nailoni hauna haja ya kuanikwa juani, maana hakuna kijidudu wa kuogopwa. Lakini ulianikwa, na bado huanikwa. Rafiki wa zamani amekuwa adui, na tabia za urafiki zimebaki vile vile. Pale Kisorya, nyuzi mbili hivi kusini ya Ikweta na kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jua hupiga karibu wima mwaka mzima, na sehemu yake iliyo kali hupunguzwa na hewa kidogo kuliko inavyopunguzwa katika nchi za kaskazini ambako nailoni ilibuniwa na kujaribiwa.

Ili kufahamu adui huyu anavyofanya kazi ni lazima kurudi tena mwaka wa 1905. Mwaka ule ule ambao nyavu za kitani zilishushwa Kavirondo, Albert Einstein, aliyekuwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alitangaza kwamba nuru huja kwa vifurushi, na kwamba ukubwa wa kifurushi hutegemea rangi ya nuru. Kifurushi cha nuru nyekundu ni kidogo, cha nuru ya urujuani ni kikubwa, na cha mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ni kikubwa zaidi. Kifungo kimoja kati ya kaboni na nitrojeni katika mnyororo wa nailoni huhitaji nguvu ya kadiri fulani ili kikatike, na kifurushi cha urujuanimno kali zaidi inayofika chini kutoka juani kina nguvu inayozidi kadiri hiyo. Nuru nyekundu, hata ikiwa nyingi namna gani, haikati. Urujuanimno, hata ikiwa haba, yaweza kukata.

Lakini jambo haliishi hapo, kwani nailoni safi hainywi sana mionzi hiyo, huiacha ipite. Kinachoinywa ni kasoro zake: taka ndogo zilizobaki kiwandani, na mahali ambapo oksijeni imekwisha kuingia katika mnyororo. Ronald Norrish, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichunguza katika miaka ya 1930 jinsi molekuli zenye kaboni iliyofungamana na oksijeni zinavyovunjika zikipigwa na nuru, na namna mbili za uvunjikaji alizozieleza zingali zinaitwa kwa jina lake. Kazi yake hiyo ikawa ufunguo wa kufahamu polima zinazozeeka juani. Nuru hukata mnyororo. Oksijeni ya hewani hujiunga na ncha zilizokatika. Mahali hapo papya pana uwezo wa kunywa nuru zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo pigo linalofuata huuma kwa wepesi zaidi. Uharibifu hujipandia mbegu wenyewe. Huanza usoni mwa uzi, mahali nuru na hewa zinapokutana, hufanya nyufa ndogo ndogo, na moyo wa uzi huwa bado mzima kwa muda. Ndiyo sababu uzi huparuza kwanza, kisha hukatika.

Sasa historia yapasa kumfuata Norrish mwenyewe, maana ndiye kiungo kati ya wavu wa mvuvi na leza. Alikuwa anajua nini huingia na nini hutoka, lakini kati yake hakuona kitu. Mnyororo hukatika upesi mno. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mwanafunzi wake, George Porter, aliyekuwa afisa wa rada katika jeshi la wanamaji na kuzoea mapigo mafupi ya umeme, alitoa shauri la kuyapiga mata kwa mmweko mkali wa taa na mara hiyo kuyatazama kwa mmweko wa pili kabla hayajatulia. Njia hiyo ilipunguza muda unaoonekana hadi sehemu za elfu za sekunde na hatimaye chini ya hapo, na Norrish na Porter walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1967 pamoja na Manfred Eigen. Hata hivyo taa ya mmweko haiwezi kufupishwa bila ya kikomo. Leza ndiyo iliyokivuka kikomo hicho. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti nyekundu kilichozungukwa na taa ya mmweko. Hivi kwamba chombo kipya kilizaliwa ndani ya kile cha zamani.

Leza za kwanza zilipoelekezwa kwenye plastiki zilifanya kazi ya moto. Ziliyeyusha, ziliunguza, na zilitoboa matundu yenye kingo zilizovimba, kama chuma cha moto kinavyotoboa mpini. Mabadiliko yalianza mwaka wa 1981 katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, Marekani. Rangaswamy Srinivasan, mkemia mzaliwa wa Madras, alikuwa anatumia leza ya urujuanimno yenye mapigo ya sehemu za bilioni za sekunde kuchora juu ya polima, na akaona kwamba pigo moja huondoa tabaka jembamba sana na kuacha ukingo mnyoofu, bila ya kuyeyuka. Matokeo juu ya utando wa poliesta, plastiki ile ile ambayo leo hutengenezwa chupa za maji, yalichapwa mwaka wa 1982. Katikati ya hayo alifanya jaribio ambalo limesimuliwa mara nyingi kuliko mengine: alichukua mabaki ya nyama ya bata mzinga kutoka karamu ya sikukuu ya nyumbani, Novemba 1981, akaipiga kwa leza ile, naye na wenzake James Wynne na Samuel Blum wakaona mkato safi usio na dalili ya kuungua. Nyama nayo ni polima. Mwaka wa 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York alishirikiana na Srinivasan kulijaribu jambo hilo juu ya macho ya ng'ombe, na kutoka hapo yakatokea matibabu ya kunyoosha uso wa jicho kwa leza, ambayo yamewaondolea miwani mamilioni ya watu.

Wapo waliosema kwamba huko ni kuvunja vifungo kwa nuru tupu, na wapo waliosema kwamba ni joto tu, ila ni joto la upesi sana. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi, na kwa kadiri ya ushahidi haki haikuwa ya upande mmoja: mambo yote mawili hutokea, na uzito wa kila moja hutegemea rangi ya nuru, aina ya polima na urefu wa pigo. Kwa hiyo swali lililofuata lilikuwa wazi. Ikiwa pigo litafupishwa mpaka joto lisipate wakati wa kusambaa, itakuwaje?

Jibu lilihitaji mapigo ya femtosekunde. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, kisha kila sehemu ikagawanywa tena mara bilioni. Nuru, ambayo katika sekunde moja yaweza kuizunguka dunia mara saba na nusu, katika femtosekunde 100 husafiri umbali usiozidi unene wa unywele. Mapigo mafupi hivyo yaliweza kupatikana, lakini yakikuzwa yalivunja vioo vya leza yenyewe. Mwaka wa 1985 Donna Strickland na mwalimu wake Gérard Mourou, katika Chuo Kikuu cha Rochester, walipata hila: kulinyoosha pigo liwe refu na dhaifu, kulikuza likiwa hivyo, kisha kulikunja tena. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018. Mwaka wa 1987 Srinivasan na wenzake walichapa matokeo ya kupiga plastiki ya akriliki kwa mapigo ya femtosekunde 160, na mwaka huo huo Stefan Küper na Michael Stuke wa Göttingen, Ujerumani, wakachapa yao juu ya plastiki ile ile. Wote waliona kwamba pigo fupi huchimba kwa nguvu chache kuliko pigo refu, na kwamba kingo zake ni safi.

Ajabu kubwa zaidi ilionekana ilipotumika nuru isiyo ya urujuanimno, nuru ambayo kwa sheria ya vifurushi haikupasa kukata kitu. Plastiki inayoonekana wazi kama kioo, ambayo nuru nyekundu huipita bila ya kuigusa, ilikatwa na nuru karibu na nyekundu ilipokuja kwa pigo la femtosekunde. Maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa na Maria Göppert katika tasnifu yake huko Göttingen, iliyochapwa mwaka wa 1931: vifurushi viwili vikifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, vyaweza kunywewa kama kimoja. Mfano wake ni mtumbwi mzito uliokwama mchangani. Watu mia wakija mmoja mmoja, kila mmoja akisukuma na kwenda zake, mtumbwi hausogei hata shibiri. Watatu wakisukuma kwa pamoja, huingia majini. Nuru ya kawaida ni watu wanaokuja mmoja mmoja. Nuru ya pigo fupi huwaleta pamoja.

Nguvu ya pigo hilo yahitaji kupimwa kwa mizani miwili, maana hapo wengi hupotea. Kwa jumla yake ni ndogo mno: pigo la milijuli moja lina nguvu ya kuinua jiwe la gramu 100 kwa milimita moja tu. Lakini kwa kuwa hutolewa katika femtosekunde 100, kasi yake kwa muda huo ni megawati 10,000, karibu mara tano ya mitambo yote ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambayo ni megawati 2,115. Elektroni za polima hupokea kipigo hicho na kung'oka kabla atomu, zilizo nzito, hazijapata hata kusogea. Tabaka la juu hurushwa nje, na joto jingi huondoka pamoja nalo.

Si sahihi, hata hivyo, kusema kama wasemavyo wauzaji wa mashine kwamba leza hiyo haina joto kabisa. Mapigo yakifuatana upesi mno, joto dogo la kila moja hujilimbikiza na plastiki huyeyuka kama zamani. Na lipo jambo la pili, ambalo ndilo linaloirudisha habari hii mwaloni. Pigo la kwanza juu ya polima safi mara nyingi halionyeshi alama yoyote. La pili vile vile. Baada ya mapigo kadhaa, kila moja likiwa dhaifu kama la kwanza, uso huanza kuchimbika ghafla. Mapigo ya awali hayakupotea bure. Yaliacha vifungo vilivyokatika na kasoro zilizojificha, nazo kasoro hizo hunywa nuru kwa wepesi zaidi. Wataalamu huita hali hii kuatamia, kama kuku aatamiavyo mayai. Msomaji ataona kwamba ni jambo lile lile lililoelezwa juu ya jua na nailoni: uharibifu unaojipandia mbegu. Jua hulifanya kwa miezi, likisaidiwa na oksijeni. Leza hulifanya kwa mapigo machache. Njia za kemia si moja kwa kila hatua, lakini mwendo wa jambo ni mmoja, na leza imewapa wataalamu nafasi ya kuuhesabu pigo kwa pigo.

Alama inayobaki juu ya uso wa polima baada ya mapigo hayo si tundu tu. Pengine hutokea mistari midogo iliyopangana kama mawimbi ya mchanga, midogo kuliko urefu wa wimbi la nuru yenyewe. Pengine uso hujaa vinundu, na tabia yake kwa maji hubadilika kabisa. Yeyote aliyelima magimbi amekwisha kuona jinsi tone la maji linavyoviringika juu ya jani la gimbi bila ya kulilowesha. Sababu yake si mafuta peke yake, bali ni vinundu vidogo vilivyofunikwa na nta, ambavyo hulishika tone juu ya ncha zake. Leza ya femtosekunde huchora vinundu vya namna hiyo juu ya plastiki, nayo maji yakaviringika. Au, kwa polima nyingine na kwa kipimo kingine, huingiza oksijeni usoni na kuifanya plastiki ipende maji. Kwa njia hii wachunguzi hujaribu kuifanya plastiki ya viungo vya bandia ipokelewe na chembe za mwili, na kutengeneza mifereji midogo ya kupimia damu. Nyavu za wavuvi hazitengenezwi kwa leza hiyo, na gharama yake haielekei kuruhusu.

Afrika haikuwa mtazamaji tu katika elimu hii. Ahmed Zewail, aliyezaliwa Damanhur, Misri, mwaka wa 1946 na kusoma Iskandaria kabla ya kwenda Marekani, ndiye aliyetumia mapigo ya femtosekunde kuona kifungo cha molekuli kikikatika, jambo alilolitamani Norrish. Mwaka wa 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba kifungo kati ya iodini na kaboni hukatika kwa muda wa femtosekunde 200 hivi. Akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1999. Kituo cha Leza cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka wa 2003 na chenye makao Afrika Kusini, kimekuwa kikiwaunganisha wachunguzi wa nchi mbalimbali za bara hili.

Kiswahili nacho kilizipokea polima kwa namna yake. Neno nailoni liliingia na bidhaa yenyewe na kwa watu wengi likawa jina la kila plastiki laini, iwe nailoni kwa kweli au si nailoni. Mfuko wa nailoni wa sokoni ulikuwa wa polithini. Mfuko huo huo Tanzania uliitwa rambo, kwa jina la shujaa wa sinema aliyechapwa juu yake. Majina haya hayamdhuru mnunuzi, lakini humpoteza mchunguzi, kwa sababu nailoni na polithini hazifanani hata kidogo zikifika ziwani: nailoni ni nzito kuliko maji na huzama; polithini ni nyepesi na huelea, mgongo wake ukiwa juani.

Mambo mengi yamebadilika ziwani tangu wavu wa kwanza wa nailoni. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, alizidi sana katika miaka ya 1980 na kuleta viwanda na nyavu kubwa. Baadaye zikaja nyavu za uzi mmoja usiosokotwa, ambazo wavuvi huziita timba. Ni za bei nafuu, hazidumu, na sheria ya Tanzania imezikataza. Katika msako wa mwaka wa 2018 nyavu haramu nyingi ziliteketezwa kwa moto hadharani, na wavuvi wengi walipoteza mtaji wao mbele ya macho yao. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini kilichokwisha kuingia majini kimo humo. Vijidudu vilivyokula kitani haviwezi kuila nailoni ipasavyo, na kwa hiyo kazi ya kuivunja imeachiwa nuru peke yake. Nayo nuru haiimalizi kazi hiyo, bali hukata kipande kikawa vipande, na vipande vikawa vumbi.

Mwaka wa 2016 wachunguzi kutoka Tanzania na Denmark walichapa habari za sangara na sato walionunuliwa katika soko la Mwanza, 20 wa kila aina. Matumbo yalipopasuliwa, plastiki ilithibitishwa katika samaki mmoja kati ya kila watano. Uthibitisho wenyewe ulifanywa kwa nuru: kila polima hunywa mionzi ya infraredi kwa namna yake, hata punje ndogo hujulikana kwa jina. Zilionekana polithini, poliesta, poliurithani na nyinginezo. Samaki hao ndio wanaoliwa Mwanza, Musoma na Kisorya, na maji hayo ndiyo yanayonywewa.

Kinga ya nyuzi dhidi ya jua inajulikana na si ghali. Masizi ya kaboni yakichanganywa katika plastiki huinywa nuru kabla haijafika kwenye minyororo, na ndiyo sababu matangi ya maji yanayowekwa juu ya nyumba huwa meusi mengi yake. Wavu wa nailoni uliokunjwa kivulini au kufunikwa kwa turubai hudumu kuliko uliotandazwa mchangani. Kuhusu zile zilizopotea majini, kinga hiyo haina haja. Nyuzi za nailoni zilizokatika huzama hadi kwenye tope, katika ziwa ambalo kina chake kikubwa ni kiasi cha mita 80 na ambalo maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani, mahali ambapo urujuanimno ya jua haifiki.